Nahodha Asiyetaka Bildi

Enyi ndugu zangu wa Mafia, kuanzia Bweni hadi Utende, na nyinyi wa Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu, na nyinyi mlioletwa na kazi mkanogewa na madafu yetu: nisikilizeni. Sikuja na habari ya bei ya pweza. Nimekuja na habari ya macho yenu. Wapo wanaotaka kuwachukulieni, na wengi wenu mnayatoa wenyewe, tena kwa vigelegele.

Vijana wa leo mnavuka na kifaa cha setilaiti mkononi, hamjui bildi. Waulizeni wazee. Bildi ni kipande cha risasi kilichofungwa kwenye kamba ndefu yenye alama. Chombo kikiingia kwenye maji yasiyoaminika, kule milango ya Rufiji ambako mto huhamisha mafungu ya mchanga na matope kila masika, baharia alisimama omoni akairusha bildi na kupaza sauti: pima nne! Pima tatu! Pima mbili na nusu! Nahodha yuko tezini, kashika usukani, na chini ya yale maji mekundu hana jicho ila sauti ile. Bildi haina adabu. Haijui kama ndani ya chombo mna bwana harusi au liwali. Haimpi nahodha hongera. Inasema kina, basi. Na nahodha mwenye akili hakumzaba baharia kofi kwa kusema pima mbili. Aligeuza chombo.

Sasa mfikirieni nahodha anayesema: bildi hii inanivunjia heshima mbele ya abiria. Kateni kamba. Kuanzia leo kina cha maji nitakitangaza mimi mwenyewe, na abiria mtapiga makofi.

Mngepanda chombo hicho? Nawasikia mnasema, thubutu! Ndugu zangu, mmo ndani yake, na mnaimba.

Tarehe 27 Januari 2016, Nape Nnauye, waziri wa habari wa wakati huo, alisimama bungeni Dodoma akatangaza kwamba TBC haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja. Sababu: gharama, shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Wabunge wa upinzani wakapinga, polisi wakaingizwa ukumbini. Baadaye kamera zikawa za Bunge lenyewe, na vituo vya televisheni vikapewa picha zilizokwisha kuchaguliwa. Aliyekuwa akitazamwa akawa ndiye mshika kamera. Kilindoni palikuwa na watu waliokuwa wakifuata vikao vile barazani, kahawa mkononi, wakibishana na runinga utadhani spika anawasikia. Mzee mmoja alikuwa akijua majina ya kamati zote. Leo muulizeni mbunge kasema nini, atawaambieni alivyovaa.

Lakini Mungu ana shule zake. Mwaka mmoja tu ulipita. Usiku wa 17 Machi 2017, Paul Makonda, mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, aliingia kwenye ofisi za Clouds Media akiwa na askari wenye silaha. Waziri aliyeunda kamati ya kuchunguza tukio lile alikuwa nani? Nape yule yule. Akapokea ripoti, na tarehe 23 Machi akaondolewa kwenye uwaziri. Siku hiyo hiyo alikwenda kuzungumza na waandishi nje ya hoteli moja jijini, akatokea mtu, akachomoa bastola, akamwelekezea mbele ya kadamnasi. Kamera zilikuwapo, ndugu zangu. Zilinasa ile bastola na zikanasa uso wa mwenye nayo. Mtu aliyetuondolea kamera zetu bungeni, siku ile hakuwa na ngao nyingine isipokuwa kamera. Simcheki, sina haki ya kumcheka. Januari 2022 alirudi kwenye wizara ile ile ya habari, na Februari akayarudishia leseni magazeti manne yaliyokuwa yamefungiwa: Mwanahalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima. Mimi nadhani bastola ile ilimhubiria kuliko ninavyoweza mimi.

Hayo ni ya Dodoma na Dar es Salaam. Kisiwani kwetu, kumzuia mwandishi hakuhitaji bastola wala sheria. Kunahitaji boti.

Kiongozi anakuja na boti au na ndege, na ndani mna viti, na viti vina mgawaji. Aliyeandika vizuri safari iliyopita anapata kiti. Aliyeuliza swali anaambiwa orodha imejaa, utakuja ziara ijayo. Mwenye kiti anakuja na msafara, anakula na msafara, analala palipolipiwa na msafara, na jioni anapewa bahasha ya kaki inayoitwa nauli, ilhali nauli hakulipa. Kesho yake magazeti matano yana habari moja na picha moja: mheshimiwa kavaa laifu jaketi, ananyosha kidole. Ananyosha kidole kwenye nini? Haijulikani. Viongozi wetu wananyosha vidole sana kwenye picha. Na yule mwakilishi wa gazeti anayeishi huku huku, anayejua zahanati ipi haina dawa na gati lipi limeoza, yeye analipwa kwa habari iliyochapwa, halipwi kwa habari aliyoitafuta. Bodaboda ya kwenda Bweni ni juu yake. Akiandika la kuudhi, ziara ijayo hata ule uwanja wa mkutano hauoni.

Nitawapeni kisa, na kisa hiki mimi simo kama shahidi, nimo kama mkosaji. Kijiji sikitaji, mwaka siutaji, mheshimiwa namsitiri. Palikuwa na uzinduzi wa mradi wa maji. Pampu haijafika. Usiku wa kuamkia sherehe tulibeba maji kwa ndoo, wanaume kwa wanawake, tukajaza tangi. Mimi nilibeba ndoo kumi na mbili, nilizihesabu kwa fahari. Asubuhi bomba likafunguliwa, maji yakatoka, mheshimiwa akakinga kiganja akanywa, ngoma ikalia. Kijana mmoja mwenye daftari, aliyekuja kwa mashua kwa fedha zake, akauliza: jamani, pampu iko wapi? Akaambiwa waandishi wa ziara wana vitambulisho, yeye chake kiko wapi? Akatolewa nje ya kamba. Nani alimtoa? Si polisi. Tulimtoa sisi wanakijiji, kwa mabega yetu, huku tukimzomea, kwa sababu alikuwa anatuharibia sherehe.

Jua halijazama, tangi limekauka. Gazeti likaandika kwamba tuna maji. Miaka miwili baadaye tulipokwenda kuulizia pampu, tulijibiwa kwamba kijiji chetu kimekwisha kuhesabiwa katika vijiji vyenye maji, na kwamba sherehe yake ilitangazwa nchi nzima. Mama zangu wa kijiji kile bado wanaamka alfajiri kwenda kisimani. Uongo ule ulikuwa na uzito, na nusu ya uzito wake niliupandisha tangini kwa mkono wangu wa kulia.

Ndiyo maana siwezi kuwahubirieni kuhusu viongozi peke yao. Picha ya kiongozi haisimami bila sisi tunaosimama nyuma yake.

Mtaniambia: mzee, hayo mambo yana sheria. Naam, zipo. Kamba ya bildi haikuanza kukatwa jana. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa na Waingereza kwa kashfa kwa sababu ya makala katika Sauti ya TANU, makala iliyowasema wakuu wa wilaya wawili. Akatozwa faini ya shilingi 3,000, ama sivyo jela miezi sita. Wakuu wa wilaya! Hata wakati ule uso wao ulikuwa haugusiki. Basi mkoloni akaondoka, na mwaka 1976, Mwalimu yule yule akiwa Ikulu, ikatungwa Sheria ya Magazeti iliyompa waziri uwezo wa kulifungia gazeti. Nampenda Mwalimu, lakini hili alilijua kwa kulionja, na akatuachia tulionje. Mwaka 2016 ikaja Sheria ya Huduma za Habari: gazeti liwe na leseni ya kila mwaka, mwandishi awe na ithibati, na kanuni zake zikataka awe na walau diploma ya fani hiyo. Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema tarehe 28 Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya sheria ile vinakwenda kinyume cha mkataba wa jumuiya. Sheria ikaja kurekebishwa mwaka 2023, lakini ithibati ikabaki. Diploma ni kitu kizuri. Ila niambieni, baharia wa Jibondo anayejua kila mwamba kwa jina lake, akiona maji yanapungua chini ya chombo, aulizwe kwanza cheti?

Nisogee pale ambapo ulimi wangu unakuwa mzito.

Tukitoka Kilindoni kwenda bara, tunashuka Nyamisati. Sote tunaijua Nyamisati: kungoja maji yajae, mizigo kichwani, mikoko pande zote, harufu ya tope. Nyamisati iko wilaya ya Kibiti. Mwaka 2016 na 2017 wilaya ile na jirani zake Mkuranga na Rufiji ziliingia gizani. Viongozi wa vijiji waliuawa, watendaji waliuawa, polisi waliuawa. Tarehe 13 Aprili 2017 peke yake waliuawa polisi 8. Halafu watu wakawa wanachukuliwa na hawarudi, na familia zikiuliza zinaambiwa kaeni kimya. Hiyo ndiyo njia yetu ya kwenda hospitali kubwa, kwenda sokoni, kwenda kuzika. Tulikuwa tukipita tumeinamisha vichwa.

Palikuwa na mtu ambaye hakuinamisha. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea aliyekuwa akiishi Kibiti na kuliandikia gazeti la Mwananchi. Hakuwa na msafara. Hakuwa na kiti katika boti ya mtu. Aliuliza nani kauawa, wapi, na nani hajarudi nyumbani, na alipopata jibu aliliandika. Alisimama omoni katika maji mabaya kuliko yote ya pwani hii akawa anataja kina. Tarehe 21 Novemba 2017 alichukuliwa na watu waliokuja na gari. Mkewe ndiye aliyesimulia. Hajaonekana hadi leo ninapoandika.

Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2018, wanawake wawili wa shirika la kutetea waandishi, Angela Quintal na Muthoki Mumo, walikuja Dar es Salaam, wakachukuliwa usiku hotelini kwao, wakanyang'anywa hati za kusafiria na kuhojiwa. Mwezi Julai 2019, waziri wa mambo ya nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufa. Mara akasema hakueleweka. Serikali haijathibitisha kama yu hai au amekufa. Ndugu zangu, katika dini yangu mtu akifa ana haki zake: kuoshwa, kuvishwa sanda, kuswaliwa, kuzikwa. Na akiwa hai ana haki ya kutafutwa. Azory yuko kati. Mkewe si mjane wala si mke wa msafiri. Watoto hawajui waombe dua ipi. Na sisi wa Mafia, ambao njia ile ni yetu kabla haijawa ya mtu mwingine, tumemfanyia nini? Tumepita Nyamisati mara ngapi tangu siku ile?

Nendeni Juani mkatazame magofu ya Kua. Wazee wanasimulia, nanyi mmesikia, jinsi watu wa mji wa Kisimani walivyowaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kushusha jahazi, wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawalaza chini na kulisukuma jahazi juu yao. Kua wakanyamaza. Wakanyamaza miaka saba. Kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini, katika chumba kilichojengwa chini ya ardhi. Wali ukaletwa, nyama ikaletwa, nyimbo zikapamba moto, na mwenyeji mmoja mmoja akawa anatoka kimya kimya, na nje waashi wanaujenga mlango kwa mawe. Wageni hawakusikia mwiko wa chokaa kwa kelele za furaha yao wenyewe. Walipokuja kutazama, mlango hakuna.

Kila nikipita kwenye mkutano wa kusifiana, nasikia ule mwiko. Wanaokaa karibu na mkubwa na kumsifu kwa kila chafya siku hizi mnawaita machawa, na jina limewaenea. Chawa hukaa penye joto. Lakini chawa hajengi ukuta. Ukuta unajengwa na sisi tunaoimba.

Na anayefungiwa ndani kwanza ni mkubwa mwenyewe. Hili ndilo nililotumwa na moyo wangu kuwaambieni. Aprili 2020, serikali iliacha kutoa hesabu za wagonjwa wa korona. Hesabu ya mwisho, ya 29 Aprili, ilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, na hapo ikasimama kama saa iliyokwisha betri. Ugonjwa haukusoma tangazo. Mwezi ule ule mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliizuia leseni ya mtandaoni ya Mwananchi kwa miezi sita na kulitoza faini ya shilingi milioni 5, kwa picha ya Rais Magufuli akinunua vitu huku kazungukwa na watu. Picha! Kisha ukaja mwaka 2021. Baada ya 27 Februari Rais hakuonekana hadharani. Watu wakauliza, na waliouliza kwa sauti wakakamatwa. Ijumaa ya 12 Machi, msikitini Njombe, Waziri Mkuu akawaambia waumini kwamba Rais yu mzima na anachapa kazi. Usiku wa tarehe 17 Makamu wa Rais akatangaza kwamba amefariki.

Mungu amrehemu, simsemi maiti. Nasema juu yetu. Muumini akiugua, haki yake kwa ndugu zake ni kutembelewa na kuombewa shifaa. Mtu aliyetawala mamilioni alilala kitandani siku zake za mwisho, na taifa zima halikupewa nafasi ya kumwinulia mikono. Misikiti ilikuwa wazi, makanisa yalikuwa wazi. Walioilinda sura yake walimnyima dua zetu. Masikini wa mwisho hapa Kilindoni akiugua, majirani wanajua kabla ya Alasiri, na uji unafika.

Akaja Rais Samia, na mwezi Aprili 2021 akaagiza vyombo vilivyofungiwa vifunguliwe. Nilishukuru, na sijutii kushukuru. Lakini tarehe 2 Oktoba 2024 TCRA ilisimamisha kwa siku 30 leseni za mtandaoni za Mwananchi, kampuni ile ile aliyoiandikia Azory, kwa sababu ya katuni ya video iliyomwonyesha mwanamke mfano wa Rais akitazama runinga, na katika runinga wananchi wanalia ndugu zao wametekwa. Zingatieni. Kilio chenyewe kilikuwa cha kweli, familia zipo. Kosa lilikuwa kumchora Rais akikisikia. Na siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima. Iliporudi tarehe 3 Novemba, simu zikapokea ujumbe wa polisi ukionya dhidi ya kusambaza picha. Sisi kisiwani tulikaa siku hizo hatujui watoto wetu wanaosoma bara wako salama au la. Kilichofichwa hakikufichwa kwa wazungu. Kilifichwa kwa mama aliyekuwa anapiga simu isiyoita.

Msidhani maradhi haya ni ya Tanzania tu. Kenya walizima televisheni kubwa tatu tarehe 30 Januari 2018, na Uganda mwezi Oktoba 2025 bunge lao liliwafungia mlango waandishi wa Nation. Jirani akiwa na upele, si sababu ya wewe kuupenda wako.

Sasa wapo wanaonijibu kwa aya. Wananiambia, Mwenyezi Mungu katika sura ya Hujurat ametuamuru tuichunguze habari anayotuletea mtu mwovu, basi serikali inachunguza. Vizuri sana. Ametuamuru tuichunguze, na uchunguzi ni kwenda kutazama. Anayevunja kioo hajachunguza uso wake.

Mkitaka kisa cha mtawala na mleta habari, chukueni cha Nabii Suleiman na ndege Hudhud, kimo katika sura ya Chungu. Suleiman alipewa ufalme ambao hakupewa mtu: majini, upepo, ndege, wote chini yake. Siku moja akakagua ndege wake, Hudhud hayupo. Hakuomba ruhusa. Hakuwa kwenye orodha ya msafara. Suleiman akaghadhibika, akaahidi adhabu kali, hata kuchinja, isipokuwa aje na hoja iliyo wazi. Na yule ndege mdogo akaja akasimama mbele ya mfalme mkubwa kuliko wote, akamwambia usoni kwamba amejua jambo ambalo mfalme halijui, akampa habari ya nchi ya Saba na malkia wake. Tazameni adabu ya mfalme aliyejaa nguvu! Hakuuliza kitambulisho. Hakusema umenidhalilisha mbele ya majeshi yangu. Alisema tutatazama kama umesema kweli au umesema uongo, akaandika barua, akampa yule yule aipeleke. Majini wangeweza kumjengea chochote, na hawakumletea habari ile. Ilikuja kwa ndege aliyetoka bila ruhusa.

Enyi mlio na mamlaka, wa wilaya na wa mkoa na wa juu yake, mkikanyaga gati la Kilindoni: acheni Hudhud atoke. Mkija, njooni pia siku ambayo hamkutangaza. Mwacheni mwandishi asiye wenu aulize pampu iko wapi, mbele yetu, na nyinyi mjibu kwa vinywa vyenu, bila msaidizi kumvuta shati. Hamtakufa kwa swali. Mnayaogopa maswali ya kijana mwenye daftari la shilingi mia tano, nanyi mmezungukwa na bunduki?

Enyi waandishi, wanangu, najua watoto wanataka ada na mwenye nyumba hapokei makala. Sitawahubirieni njaa mimi niliyeshiba. Lakini bahasha ile inapokwisha siku ya tatu, habari mliyoiua haifufuki. Kama hamwezi kukataa kiti, basi kaeni katika kiti na macho wazi, na mkishuka gatini, potezeni msafara saa moja tu. Nendeni nyuma ya zahanati. Nyuma ya zahanati ndiko iliko habari. Mbele wamepaka chokaa jana.

Na nyinyi watu wangu wa Mafia. Tuna papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, na wageni wanatoka mwisho wa ulimwengu kuja kumtazama hapa hapa Kilindoni. Tuna hifadhi ya bahari tangu mwaka 1995, ya kwanza nchini, na mnajua wenyewe mvutano uliokuwapo kati ya hifadhi na wavuvi, Jibondo hasa. Habari za papa ziliandikwa kila lugha. Za mvuvi aliyenyang'anywa nyavu ziliandikwa na nani? Kiongozi akija safari ijayo, msibebe ndoo. Tangi likae tupu kama lilivyo. Bomba lifunguliwe litoe upepo mbele yake, naye ausikie. Mwenye daftari akija bila msafara, mpeni mkeka, mpeni maji, mwambieni mlichokiona kwa macho yenu na mseme msichokiona kwamba hamkukiona. Akisukumwa nje ya kamba, nanyi tokeni nje ya kamba, mkasimame naye, uwanja ubaki na machawa na viti vya plastiki.

Na shikeni kalamu. Iko Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, ya mwaka 2016 pia. Mwaka ule ule waliotufunga mkono mmoja walituachia mwingine. Mwananchi anaweza kuiandikia ofisi ya umma akaomba taarifa, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Mimi barua yangu ya kuulizia pampu nimeipeleka, nikagongewa muhuri kwenye nakala. Na Katiba, ibara ya 18, inasema tuna haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha yetu. Wakati wote. Hawakuandika wakati wa ziara.

Safari yenu ijayo mtashuka Nyamisati, mtapanda gari, mtafika Bungu. Hapo gari husimama, watu hununua korosho na maji. Kabla dereva hajawasha, mgeukie uliyekaa naye, humjui, hakujui, umsalimie vizuri, kisha umuulize: ndugu, yule Azory Gwanda, mwandishi wa hapa Kibiti, amepatikana? Atashtuka. Atatazama dirishani. Ngoja. Usimjazie maneno, mwache yeye aseme.